Zenodo kwa data za utafiti: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti, inaendeshwa na CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi, tangu 2013 na ni bure. Rekodi moja inabeba hadi GB 50, faili zisizidi 100, ukizidisha, zibane kwenye faili moja la zipu. Ukichapisha unapata DOI, namba ya kudumu ya kurejelea data zako, inayoanza na 10.5281, na unaweza kutengewa namba hiyo mapema ili makala iende kwa mhariri ikiwa nayo. Ukisahihisha data unatoa toleo jipya lenye DOI yake, huku DOI mama, ya matoleo yote kwa pamoja, ikibaki ileile. Kwa upande huo sina neno.

Kupakia ndiyo mtihani. GB 2 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama saa nne na nusu, na mtandao ukikatika faili hilo linaanza upya. Mimi nagawa zipu za MB 200 na kupakia usiku, bando likiwa nafuu.

Ila Zenodo haikagui unachopakia. Dodoso la Kobo, programu ya kukusanya data kwa simu, linatoka na safu za latitudo na longitudo, na watu wengi wanafuta jina na simu ya mhojiwa halafu wanaziacha hizo. Desimali nne ni mita 11 hivi: unafika mlangoni kwa mkulima wa Rungwe bila kuuliza njia. Nakata zibaki mbili, yaani kama kilomita 1.1. Hata hapo angalia safu zikiungana: kijiji, umri na ekari 40 za parachichi vinatosha kumtaja mtu, maana kijijini huenda yuko peke yake. Ekari naziweka kwa makundi, kijiji nakipandisha kuwa kata.

Excel nayo ina vituko vyake. Msimbo 007 unageuka 7, na 03/04 hujui ni Aprili au Machi. Hifadhi kama CSV (jedwali la maandishi matupu) ya UTF-8 (usimbaji wa herufi), tarehe ziandikwe 2024-04-03, na usiifungue tena kwa kubofya mara mbili.

Weka pia faili la maelezo ya safu. Safu iitwayo “magunia” haina maana bila uzito: gunia la mahindi la kilo 100 na lumbesa ya viazi ya Njombe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna chaguo la kufunga faili, anayezitaka aombe. Usilitegemee kwa data zenye majina. Faili likishapakiwa limeshavuka mpaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa usafirishaji huo. Zenye majina zibaki chuoni kwenye diski iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila. Na akaunti usiifungue kwa barua pepe ya mwanafunzi: ikifungwa baada ya mahafali, maombi ya data yanaingia kwenye sanduku lisilo na mwenyewe. Tumia ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, na barua pepe ya kudumu.