TAHADHARI: Wauza "dawa ya kurudisha rangi ya gari" wapo Tabora

Mwangaluka wana Tabora, na ndugu zetu wa Kigoma pia maana hawa jamaa nasikia wanafuata reli. Kuna vijana wanazunguka sehemu za kuoshea magari na vichupa visivyo na lebo ya maana, wanakwambia ni "nano" ya Japani, inarudisha rangi iliyopauka ikawa ya shorumu, chupa 35,000 na ukianza kuondoka inashuka mpaka 20,000. Risiti hawana, na namba wanayokuachia ikifika jioni haipatikani.

Mimi ni fundi rangi, najua kuna mtu atasema fundi analia njaa. Sawa, lakini sikieni kwanza mchezo wenyewe.

Wanaitafuta gari ya zamani, Corolla 110, Carina, Mark II, hasa nyekundu iliyochomwa na jua boneti na paa, wanapaka nusu ya boneti nusu wanaiacha, watu wanajaa, ile nusu inang'aa kweli hakuna ubishi. Sasa wewe chukua maji ya ndoo mwagia ile nusu ambayo haijapakwa, utaona nayo rangi inarudi hapohapo mpaka maji yakauke. Rangi iliyochoka juu inakuwa na unga na mikwaruzo midogomidogo, mwanga ukifika pale unatawanyika ndo maana unaona weupe weupe, ukijaza chochote cha majimaji weupe unapotea. Wao badala ya maji wanaweka mafuta, na kile kichupa nilivyokinusa ni silikoni ya kung'arishia dashibodi na mafuta ya taa, kinachelewa kukauka basi. Osha kwa sabuni ya unga mara mbili tatu umerudi ulipokuwa, na kabla hujaosha vumbi letu lote la kiangazi limeshanasa hapo juu.

Halafu wanawasha kiberiti cha gesi juu ya boneti kuonyesha haiungui. Jamani, moto wa sekunde moja unaopita juu ya bati hauunguzi rangi yoyote, hata isiyopakwa kitu!! Waambie wapake kwako bure kipande kidogo tu, uoshe kwa sabuni, ulipe kesho. Utaona wanavyofunga boksi.

Hasara yenyewe sio ile elfu ishirini. Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu, gari yake klia (ule utando wa juu usio na rangi unaofunika rangi) ilikuwa imebanduka magamba magamba paa zima, wakampaka chupa mbili. Alivyokuja kwangu tupige upya silikoni ilikuwa imeshaingia chini ya kingo za klia, napuliza praima (rangi ya kwanza ya chini) inajikusanya inaacha vitundu, nafuta, naosha, napiga msasa, napuliza tena vitundu vilevile, mpaka tukalishusha paa lote kwenye bati. Gharama ikapanda na mzee ni wa pensheni, ananiuliza "fundi, mbona waliniambia ni ya Japani?" Nikakosa la kumjibu.

Kama gari yako imepauka chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo usugue sehemu. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari hiyo ni rangi isiyo na klia, imekufa juu tu, inasuguliwa kwa kompaundi (polishi nzito ya kusugulia) na kupakwa waksi na inarudi vizuri sana. Kisipotoka na rangi ila gari haing'ai, klia ndo imechoka, hapo msasa wa maji namba 2000 halafu 3000 halafu kompaundi, ila sio kila Krismasi maana klia ya kiwandani haifiki hata unene wa unywele, ukiisugua sugua utaimaliza. Ikishabanduka magamba hakuna chupa ya kuirudisha, ni msasa, rangi na klia yenye hadina (dawa ya kuikaza). Rangi ichanganywe kwa kodi (namba ya rangi) iliyo kwenye kibati cha gari, kwa Toyota angalia palipoandikwa C/TR, mfano 040 ni ile nyeupe tunayoijua wote. Na fundi akikupigia kwa bei ya kutupa, rangi ikishakauka siku kadhaa sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye thina, rangi ikiyeyuka ikahamia kwenye kitambaa ujue hadina haikuwekwa, umeuziwa kanyaboya. (Wanaolaza gari chini ya mwembe, utomvu na kinyesi cha popo osheni siku hiyohiyo, nusu ya kazi zangu zinatoka huko.)

Waliokwisha kupakwa, kabla hujaipeleka kwa fundi yeyote mwambie imepakwa silikoni. Usimfiche, aisafishe kabla hajashika msasa, akianza na msasa anaizamisha ndani zaidi.

Mara ya mwisho walikuwa wawili, pikipiki na boksi la bluu nyuma, ukiwauliza ofisi iko wapi wanasema Mwanza. Wakifika Urambo, Kaliua au Uvinza shtuaneni mapema.