Dar–Zanzibar: ndege au boti?

Huu ubishi hauishi, mi nimepanda zote mara nyingi tu. Ndege inakaa hewani kama dakika 20, ila weka foleni ya Barabara ya Nyerere, kuvua mkanda, kusubiri, unajikuta umemaliza masaa matatu kwa safari ya dakika 20! Boti ni karibu masaa mawili lakini inaondokea mjini kabisa na inakushusha Malindi, Mji Mkongwe huo hapo.

Bei boti inashinda, hakuna mjadala. Mizigo pia, maana vile vindege vya watu 12 mara nyingi mwisho kilo 15 na begi liwe laini, na mwenyewe unapimwa. Siku moja nilimwona mama mmoja anafungua begi mbele za watu, anavaa khanga tatu juu ya gauni ili kilo zipungue, halafu wakampandisha mzani na khanga zake zote, jamani nilimhurumia.

Kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, hapo ndo ndege inalipa, kwenye boti watu wanatapika njia nzima. Kama una tumbo jepesi kata tiketi ya ndege. Una maboksi na unakaa Kariakoo, nenda bandarini.