Leza, simu au tepu? Vifaa vya kupimia nyumba kongwe ya Mji Mkongwe

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu cha kupimia nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, nunua leza ya mkononi, ya kawaida, isiyo na mbwembwe. Simu inayotambaza chumba na kukitoa kwa 3D inapendeza, hasa kumwonesha mfadhili, lakini mchoro wa kumkabidhi fundi hautoki humo peke yake. Na kuna kazi moja ambayo vyote viwili vinashindwa na mpira wa maji wa waashi, ambao bei yake ni ya kutupa.

Nyumba inayozungumzwa hapa ni ile ya kawaida ya mjini. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake sentimita 50 hadi 60, sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko. Juu ya hayo kuna yaliyoongezwa tangu Waingereza walipoanza kutawala mwaka 1890: bati juu ya paa la zamani la chokaa, varanda ya mbao, girda za chuma palipotakiwa chumba kipana kuliko boriti inavyoweza kufika. Halafu baada ya 1964 nyumba moja ikagawanywa kwa familia kadhaa, vikaja viambaza vya plaiwudi, choo cha ghorofani, tangi la maji juu kabisa. Mwenye kuandika kumbukumbu za nyumba hiyo anapima tabaka zote hizo. Akipima tu ile anayoiona nzuri, mchoro wake hautamsaidia mtu.

Leza ya mkononi

Leza za kiwango cha Bosch GLM 40 hupima hadi mita 40, na kosa lake ni kama milimita 1.5. Leica DISTO D2 inafika mita 100 na inarusha vipimo kwenye simu kwa Bluetooth. Kwa nyumba hizi tofauti hiyo ya umbali haina maana, kwani hakuna chumba cha mita 40. Bluetooth ndiyo ya kufikiria, maana namba zinazoandikwa kwa mkono gizani chini ya ngazi ndizo zinazokosewa: 2.36 inakuwa 2.63, na hujui mpaka ufike mezani.

Kosa linalorudiwa kuliko yote halitokani na leza yenyewe bali na kitufe cha kuchagua inaanzia kupimia wapi, mbele au kitakoni. Ikibonyezwa bila kukusudia, kila kipimo kinakosewa kwa urefu wa kifaa, kama sentimita 10 au zaidi kidogo. Dawa ni kupima mlango uleule kwa leza na kwa tepu kila asubuhi kabla ya kuanza, kisha tena baada ya chakula cha mchana. Uani jua likiwaka nukta nyekundu haionekani kwenye ukuta mweupe, kwa hiyo ua upimwe alfajiri au jioni, au mtu ashikilie kipande cha kadibodi upande wa pili. Kwenye mlango wa nakshi usiielekeze leza kwenye ubao wenyewe. Nukta itaingia kwenye shimo la nakshi. Pima fremu.

Sasa, vyumba. Hakuna chumba cha Mji Mkongwe chenye pembe nne zilizonyooka, na kuta nne peke yake hazikifungi chumba: vipimo vilevile vinne vinaweza kuchorwa kwa maumbo mengi. Lazima zichukuliwe na ulalo zote mbili, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoitazama. Chukua chumba cha mita 2.90 kwa 6.40. Kingekuwa kimenyooka, kila ulalo ungesoma 7.03. Leza ikikupa 7.11 upande mmoja na 6.94 upande wa pili, chumba kimepinda kama sentimita 9, na mtu aliyeagiza vigae au mbao za sakafu kwa kuamini kuta nne atajua siku ya kuweka.

Vipimo vya ukuta mrefu vichukuliwe vyote kutoka sifuri moja: ukingo wa kwanza wa dirisha, wa pili, ukingo wa mlango, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukipima kipande kwa kipande ukajumlisha, vipande 12 vyenye kosa la milimita 5 kila kimoja vinaweza kukutupa sentimita 6.

Ukimaliza ghorofa, jumlisha upana wa vyumba na unene wa kuta, ulinganishe na kipimo cha nje. Tofauti ya sentimita 2 au 3 ivumilie, kuta hizi zina matumbo. Ikizidi hapo rudi ukapime. Na kama umerudi mara mbili na bado kuna sentimita 70 zisizo na mwenyewe, acha kulaumu leza: gonga ukuta. Mara nyingi kuna zidaka (shubaka la ukutani) lililozibwa, ngazi ya zamani, au njia ya choo iliyofungiwa ndani. Hapo ndipo kupima kunapolipa, kwa sababu uwazi wa namna hiyo ndio unaopitisha maji ya ghorofani mpaka chini bila mtu kuona.

Mpira wa maji

Leza ya mkononi haikwambii sakafu ya chumba hiki na ya kile zinalingana vipi. Leza ya mistari, ile ya kusimamisha, inakwambia, lakini mstari wake haupindi kona ya ukuta wa nusu mita. Mpira mwembamba unaoona ndani, mita 15 au 20, ukajazwa maji, unapita mlangoni, unashuka ngazi, unaingia popote. Weka alama ya penseli mita 1 juu ya sakafu ya kizingiti cha mlango mkuu, ihamishie kila chumba cha ghorofa ile, kisha pima sakafu na dari kutoka kwenye alama hiyo. Sakafu iliyobonyea sentimita 4 katikati inajitokeza yenyewe.

Unaharibikia kwenye povu la hewa tu. Povu moja katikati ya mpira na kipimo kimekwenda. Jaza polepole kutoka kwenye ndoo iliyo juu, usijaze kwa bomba la kasi, na kabla ya kuutumia shikanisha ncha mbili pamoja: maji yasipolingana, toa hewa.

Simu na 3D

Apple iliweka kihisi cha LiDAR, kinachopima umbali kwa mwanga, kwenye iPhone 12 Pro mwaka 2020, na kinaona kama mita 5 mbele yake. Kwa chumba kimoja matokeo yanaridhisha, kosa la sentimita moja au mbili. Tatizo linaanza ukitembea. Programu inakisia ulipo kwa kufuata alama inazoziona, na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe mtupu hauna alama. Ukipanda ngazi ya giza kwenda ghorofa ya pili, nyumba inaanza kujinyonga, na mwisho ukuta wa juu haukai juu ya ule wa chini. Bandika karatasi zenye michoro tofauti ukutani kila mita moja na nusu, funga mzunguko kwa kumalizia ulipoanzia, tambaza ghorofa moja kwa faili moja. Halafu chukua vipimo vitatu kwa leza, uilinganishe 3D na hivyo; kamwe usifanye kinyume chake.

Simu inafanya vizuri kuliko yote kwenye vitu vyenye maumbo: mlango wa nakshi, mabano ya roshani, mapambo ya plasta juu ya dirisha. Hapo hata simu isiyo na LiDAR inatosha, kwa picha nyingi zinazoungwa na programu. Kila picha iifunike iliyotangulia kwa asilimia 70 hivi, usitumie lenzi pana, funga kipimo cha mwanga cha kamera kisibadilike kati ya picha na picha, na weka rula ya sentimita 50 ndani ya fremu. Mlango mmoja uliopigwa vizuri unahitaji picha 80 hadi 120. Uso wa nyumba nzima ni habari nyingine: kichochoro cha mita 2 na nyumba ya ghorofa tatu, hakuna simu itakayouona juu. Omba ruhusa ya kupanda darini kwa jirani ng'ambo ya pili. Ndiyo, salamu nazo ni sehemu ya vifaa.

Kasoro kubwa ya programu hizi ni mahali zinapoweka kazi yako. Nyingi zinahifadhi faili kwenye seva zao na zinadai malipo ya kila mwezi ili ulitoe katika umbo linalosomeka kwingine. Kabla ya kupima nyumba nzima, jaribu chumba kimoja: ukishindwa kulitoa faili kama OBJ au E57, aina za faili zinazofunguka kwenye programu nyingi za 3D, tafuta programu nyingine.

Nyufa: skrubu zinashinda

Kipande cha kioo kilichogandishwa juu ya ufa ni mtindo wa zamani. Kikivunjika umejua ukuta umesogea. Kiasi gani, kuelekea wapi, hujui. Tonge la jasi ni baya zaidi, kwenye ukuta wenye unyevu linajibandua lenyewe na kumtia mtu hofu ya bure. Geji za plastiki zenye mistari zinafanya kazi, ila gundi yake haishiki kwenye chokaa inayomenyeka.

Skrubu tatu za shaba, mbili upande mmoja wa ufa na moja upande wa pili, zikae kama pembetatu. Pima umbali kati yao kwa kalipa ya dijitali, ile rula yenye taya mbili, andika kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa pembetatu unaona ufa unapanuka na pia unateleza. Chuma cha kawaida usitumie, upepo wa bahari utakila na kutu itabadilisha kipimo. Soma mara moja kwa mwezi, saa ileile, mwaka mzima, Masika na Vuli zote zipite. Ufa unaofunguka na kujifunga na majira usitie hofu. Unaokwenda upande mmoja miezi 6 mfululizo, mwite mhandisi.

Kipima unyevu

Hiki ndicho kifaa kinachodanganya watu wengi. Vile vya pini mbili hupima jinsi umeme unavyopita, na vimesawazishwa kwa mbao. Kuta zetu zina chumvi, ya bahari na ya mchanga, na chumvi inapitisha umeme. Kwa hiyo ukuta mkavu wenye chumvi unasoma kama umelowa chepechepe. Asilimia unazoona kwenye ukuta wa mawe zipuuze, tazama umbo. Pima kila sentimita 50 kwenda juu na kwenda pembeni, weka namba kwenye mchoro. Zikiwa kubwa chini na kupungua kwenda juu, maji yanapanda kutoka ardhini. Zikifanya duara, tafuta bomba. Zikifanya mkanda usawa wa boriti, angalia kuna choo au bafu gani upande wa juu.

Kwenye boriti zenyewe kifaa kinasema kweli. Zaidi ya asilimia 20, ukungu wa kuozesha una mahali pa kuishi. Lakini ncha iliyozama ndani ya ukuta ndiyo inayooza kwanza, na pini hazifiki huko. Chukua bisibisi, sukuma pale boriti inapoingia ukutani. Mkoko mzima unaikataa. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo imebaki na ngozi tu. Hesabu boriti zote kutoka ukuta wa mlango, andika namba kwa penseli kwenye kila moja na kwenye mchoro, na alama tatu tu: nzima, ya kuangaliwa, ya kubadilishwa. Juu yake kukiwa na tangi la lita 1,000, hiyo ni tani nzima. Lihamishwe kabla ya kugusa chochote.

Karatasi

Karatasi ya miraba A3, penseli 2H, ubao wa kubania. Jina la kila ukuta liwe namba, ukihesabu kutoka mlango wa chumba kwa mwendo wa saa. Usitumie herufi za dira: Kaskazini na Kusini zote K, Mashariki na Magharibi zote M, na kuna michoro imekufa kwa sababu hiyo tu. Picha ibebe namba ileile, kwa mfano 2-04-3 kwa ghorofa ya pili, chumba cha nne, ukuta wa tatu.

Nakala moja ya karatasi ibaki nyumbani, nyingine iende Mamlaka ya Mji Mkongwe pamoja na maombi ya kibali, maana ukarabati bila kibali chao hauruhusiwi. Beit el Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, sehemu yake ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili walifariki. Sehemu kama hiyo ikishalala chini, wa kujenga upya ana vifusi, picha na michoro, basi.

Mchoro ukishakamilika, ndipo uhesabu chokaa. Mita za mraba za lipu iliyokufa unazo, na namba za unyevu zimeshakuonesha bomba la kuziba kwanza. Lipu ya chokaa sehemu 1 kwa mchanga uliooshwa sehemu 3, tabaka la milimita 10 kila moja, magunia yaliyoloweshwa juu yake siku kadhaa. Chokaa iliyolowekwa shimoni miezi 3 inanyooka kwenye mwiko kama siagi. Ya mfuko inafaa pia, iloweke walau usiku mmoja, na mfuko uliokaa ghalani ukapata unyevu usiununue hata kwa nusu bei. Simenti juu ya matumbawe hapana: inafungia maji na chumvi ndani, na ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Ukuta uliokwisha kupigwa simenti uonekane kwenye mchoro kwa rangi yake peke yake, kwa sababu simenti yake ndiyo itakayoanza kubomolewa, Juni, Masika ikishapita.