Boila ya darini imetoka, hita ya ukutani imeingia: uzoefu wangu Tudor, Mombasa

Watu wa bara wakisikia nyumba ya Mombasa ina hita ya maji, hucheka. Joto lote hilo, maji ya moto ya nini? Waje Julai, kipupwe kimeingia na kusi inavuma, waoge alfajiri kabla ya sala, ndipo tuzungumze. Na hata bila kipupwe, nyumba yenye mzee wa magoti haikai bila maji ya moto, wala nyumba yenye mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, aliye kwenye arobaini. Sisi boila ilitufia wote wawili wakiwemo: mamangu mzazi, na binti yangu aliyekuja kulelewa uzazi kwetu. Kwa hivyo haya ninayoyaandika si ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kutembeatembea madukani akilinganisha bei.

Boila yenyewe ilikuwa ya lita 100, elementi ya kilowati 3, imelazwa juu ya dari ya bafu tangu enzi za marehemu baba mkwe. Ilianza na doa darini, rangi ya chai ya mkandaa, likawa linapanuka. Kisha mfereji wa maji ya moto ukawa unatoa kutu asubuhi. Mwisho swichi kubwa ikawa inaruka kila tukiwasha. Fundi wa stima alipopima alisema elementi imetoboka na stima inavujia ndani ya maji. "Mama, hii msiiguse tena, na watoto wasifungue mfereji huo," akachomoa nyaya zake papo hapo.

Kuiteremsha ilikuwa kazi ya wanaume wa nyumba na jirani. Muuza chuma chakavu aliipasua pale pale uani ili aweze kuibeba kwenye mkokoteni, nami nikasogea kuangalia. Chini ya tangi kulikuwa na tabaka la chokaa, gumu, rangi ya kahawia, limeshika kama ukoko wa wali, na elementi imezikwa humo ndani. Stima yote ile tuliyokuwa tukilipia ilikuwa inapasha kwanza mawe, ndipo maji yapate joto. Pembeni, chuma kilikuwa kimeliwa mpaka unaweza kukitoboa kwa bisibisi.

Na si ajabu. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vyetu yamepita humo, yamebeba chokaa, na bahari imeyatia chumvi yake. Yakichemshwa, chokaa huganda na kutua pale penye joto kali zaidi, yaani kwenye elementi. Chumvi nayo inashughulika na chuma. Maji ya kaunti, yale yanayoletwa kwa bomba kutoka Mzima na Baricho, ni afadhali sana, lakini nani anayapata kila siku? Sisi yakija tunajaza tangi, yasipokuja tunaongeza ya kisima. Hita yoyote utakayonunua Mombasa itaoga maji hayo, kwa hivyo usinunue kwa kusifiwa na mtu anayekaa Nairobi.

Cha kwanza nilichoelekezwa dukani ni shawa ya papo kwa papo, ile ya kichwa cha plastiki. Ni rahisi, na kwetu inafanya kazi vizuri kuliko bara kwa sababu maji yetu ya tangi tayari yana nyuzi 27 au 28. Ya kilowati 4.5, ukiipitishia lita 3 kwa dakika, inaongeza kama nyuzi 21, yaani Mombasa unatoka na 48 pale mtu wa bara anapoishia chini ya 40. Ila ukiamua hiyo, hakikisha ni ile iliyotengenezewa maji ya chumvi, yenye elementi iliyofunikwa. Zile za kawaida waya wake uko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri mno. Halafu inataka waya wake mnene peke yake kutoka kwenye swichi kubwa. Mimi niliikataa kwa sababu nyingine kabisa: mzazi hakandwi kwa shawa. Mama anayemkanda anataka maji moto kweli kweli kwenye beseni, ya kuchovya kitambaa na kukamua huku anapuliza vidole.

Hita ya gesi ya ukutani nayo niliitamani, maana stima ikikatika unaendelea kuoga. Tatizo la kwanza ni presha. Hizo zinawaka kwa msukumo wa maji, na tangi letu liko kwenye mnara wa chuma uani, kama mita 3 juu ya shawa. Kila mita 10 ndiyo inatoa baa 1, basi sisi tuna baa 0.3 tu, moto unashika, unazima, unashika, unazima. Tatizo la pili ni moshi wake. Ikifungwa ndani ya bafu lisilo na hewa, inaweza kutoa gesi ya sumu isiyo na harufu na kuua mtu akiwa bado ana povu. Hita ya gesi mahali pake ni nje, au iwe na bomba la moshi linalotoka nje. Fundi akikuambia dirisha dogo linatosha, mtafute mwengine.

Sola sitaisema sana. Jua tunalo, lakini bei ilinizidi, na mbao za paa letu zimeshaonjwa na mchwa.

Tukaishia kwenye hita ya stima ya kutundika ukutani, ya tangi, lita 50, kilowati 1.5. Kampuni siitaji, maana kwenye rafu zile kubwa zote zinafanana ndani. Nilichokisoma kwenye karatasi yake ni hiki: tangi liwe limepakwa enameli ndani, kuwe na fimbo ya magnesiamu ya kulinda tangi lisiliwe, thamostati (kidhibiti cha joto) inayorekebishika, na valvu ya usalama ya baa 8 ndani ya boksi. Nililipa 24,500, mbali na fundi.

Mume wangu alikuwa na wasiwasi kwamba lita 50 ni kidogo kwa nyumba iliyozoea 100. Hapa ndipo watu wengi wa Pwani wanapopoteza pesa. Wewe huogi maji ya nyuzi 60, ungebabuka. Unayachanganya na ya mfereji yafike 40 hivi, na ya mfereji wetu yana 28. Ukipiga hesabu, lita 50 za moto zinatoa kiasi cha lita 130 za kuoga, na hata ukiondoa yale yanayopoa mwishoni, bado ni zaidi ya ndoo 5 za lita 20. Kuzipasha kutoka baridi ni chini kidogo ya uniti 2, saa moja na robo. Boila ya zamani tuliiacha ikiwaka usiku na mchana, kama nyumba nyingi, na tangi kuukuu ambalo sufi yake ya kuzuia joto lisitoke imenyauka linaweza kupoteza uniti 2 au zaidi kwa siku hata kama hakuna aliyeoga. Kwa bei ya uniti isiyokuwa mbali na shilingi 30, hizo ni kama 1,800 kwa mwezi za kupasha dari na panya wake.

Sasa ukuta. Hili ndilo lililotutoa jasho, na sijaona mtu akilieleza. Hita hiyo ikijaa maji inakaribia kilo 70. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za zamani hapa, na mawe hayo ni laini. Fundi alianza na drili na bolti za kupanuka zilizokuja kwenye boksi. Ya kwanza ilipokazwa ikazunguka tu, na unga mweupe ukamwagika kama mtu anayekuna nazi. Akashusha vifaa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, akasikiliza, akasema, "Mama, hapa bolti haina cha kuuma." Suluhisho lake lilikuwa kutoboa ukuta mzima hadi upande wa pili, ambako ni ujia wa stoo, akapitisha vyuma virefu vyenye hesi, na upande ule akaweka bamba la chuma, wosha na nati. Bamba akalipaka rangi ya kuzuia kutu kwa sababu ya hewa ya bahari. Mamangu alikuja kulitazama akauliza kama tunatundika hita au lori. Lakini ile kitu haitikisiki. Nyumba yako ikiwa ya matumbawe, tenga pesa ya kazi hii kabla, na usikubali bolti za boksi peke yake.

Upande wa stima alivuta waya mpya na swichi yake yenye taa, nje ya bafu, akaweka na kifaa cha kukata stima ikivuja. Waya wa ardhi aliufuata mpaka kwenye chuma chake kule uani, akakuta kiungio kimeoza. Hapo alinipendeza. Mafundi wengi wangeunganisha na kuomba chai.

Siku ya pili binti yangu akaniita: hita inavuja! Matone chini ya valvu. Haivuji. Maji yakipanda kutoka nyuzi 28 hadi 60 yanapanuka, na kwenye lita 50 hayo ni zaidi ya nusu lita, nayo yanatafuta pa kutokea. Unaweka kipira kidogo kinachoelekea kwenye shimo la bafu, basi. Nimeshasikia nyumba iliyoziba valvu hiyo kwa kijiti na gundi ili sakafu isilowe. Tafadhali msifanye hivyo. Presha isipopata njia, tangi ndilo litakalopasuka.

Matumizi yetu sasa: inawashwa kabla ya alfajiri na tena baada ya magharibi, kisha inazimwa. Thamostati iko 60, si chini, kwa sababu maji yanayokaa vuguvugu siku nzima tangini ni makazi ya bakteria. Siku za kumkanda mzazi tuliipandisha mpaka 70, na mama mkandaji, ambaye hasifu kitu kirahisi, alisema haya ndiyo maji. Tokeni za stima zimepungua, naona kwa jinsi mume wangu alivyoacha kupita akizima taa za watu.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, kitufe cha joto kiko chini kabisa ya hita, na maandishi yake yanatazama sakafu. Mtu wa miwani kama mimi inabidi apinde shingo. La pili ni kubwa. Waranti inatangazwa miaka kadhaa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, kisha ndani kwa maandishi madogo wanasema uharibifu unaotokana na chokaa au maji ya chumvi hauhusiki. Nilipomuuliza muuzaji kwamba sasa wanamuuzia nani Mombasa, alicheka akaniambia hiyo ni ya kampuni, si yake. Kwa hilo nimeitoa nyota moja. Nyingine nne inastahili.

Kwa kuwa waranti haitulindi, kinachotulinda ni fimbo ya magnesiamu. Hiyo imewekwa iliwe na chumvi badala ya tangi, na ikiisha, linafuata tangi. Kwa maji ya kaunti matupu unaweza kuingoja; kwa maji ya kisima ifunguliwe kila mwaka iangaliwe, na elementi ikwanguliwe chokaa siku hiyo hiyo. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama anayo fimbo ya aina hiyo ya hita pale pale dukani, akuoneshe. Maduka mawili niliyopita Mwembe Tayari walikuwa na hita imejaa mpaka mlangoni na fimbo hata moja hawana. Nilinunua kwa wa tatu, na fimbo ya akiba nimeiweka kwenye droo ya jikoni.