Kutoka H/T kwenda A/T kwenye Prado: kinacholipa na kisicholipa kwa njia za Mtwara na Lindi

Tuanze na wasiohitaji. Mwenye Prado ambaye mizunguko yake ni Mtwara mjini, Mikindani, Mingoyo, Lindi na kurudi, abaki na matairi ya H/T (ya barabara za lami) yaliyokuja na gari. Njia hiyo ni lami, na kwenye lami H/T ni kimya zaidi, ni jepesi zaidi, na mvua ikinyesha linashika breki vizuri kuliko A/T nyingi, yaani matairi ya lami na njia mbovu kwa pamoja. Kufunga A/T ili gari lionekane kubwa mbele ya hoteli ni haki ya mwenye fedha, ila asiseme amefuata usalama.

Anayehitaji ni anayeiacha lami kila wiki: anayekwenda Msimbati na kuingia mchangani hadi Ruvula, anayeshuka ukingo wa Newala kwenda bonde la Ruvuma, anayezunguka mashamba ya korosho Tandahimba na Nanyamba, au anayetoka Nachingwea kwenda Liwale na mzigo nyuma. Huyo akiwa na H/T hukwama mara moja moja. Kinachomsumbua zaidi ni kupasuliwa ubavu wa tairi.

Watu wengi wakinunua A/T hutazama kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara), wakati mbavu ndizo zinazobeba thamani yake kwa huku Kusini. Ukanda wa pwani una mawe ya matumbawe yenye kingo kali, mengine yamefukiwa nusu kwenye mchanga. Njia za mashamba zina visiki vya mikorosho vilivyokatwa mshazari. Vyote viwili havichomi tairi katikati, vinalikata pembeni. Pancha ya katikati inazibwa kwa kamba dakika chache, ubavu uliokatwa hauzibiki. Fundi akikuambia atauziba, ufike nao mjini polepole tu, usiufanye tairi la safari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la kampuni, uliza kama tairi ni LT (aina ya magari mepesi ya mizigo) au la. Prado 150 ya rimu 17 hutoka na 265/65R17 112S: namba 112 ina maana tairi moja hubeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Tairi la LT la saizi hiyohiyo huandikwa 120/117, yaani kilo 1,400 likiwa peke yake kila upande, na mara nyingi ni la daraja E, sawa na 10PR (kipimo cha nguvu kwa plai, yaani matabaka ya nyuzi). Mwili wake ni mgumu na mbavu zake ni nene. Tatizo ni kwamba maduka huuza A/T ambazo si LT kwa maelezo yaleyale. Zina kashata nzuri, lakini mbavu zake hazitofautiani sana na ulizokuwa nazo. Soma maandishi madogo ubavuni yanayotaja idadi ya plai; tairi lenyewe halidanganyi. Jina pia si hoja: Dunlop Grandtrek AT20, ambalo magari mengi ya Toyota yametoka nalo kiwandani, lina herufi AT lakini tabia zake ni za barabarani.

Kuhusu saizi, ushauri wetu utawaudhi wapenda matairi makubwa: bakini na 265/65R17. Hesabu yenyewe ni hii. Tairi hilo lina kipenyo cha milimita 776. Ukipanda kwenda 265/70R17 unapata milimita 803, ongezeko la asilimia 3.4. Gari linanyanyuka milimita 13 tu, kama unene wa kidole. Kwa faida hiyo ndogo, spidomita inaanza kusoma chini ya ilivyokuwa: ikionyesha 80, gari linakwenda karibu kilomita 3 zaidi ya lilivyokwenda na tairi la zamani. Spidomita za Toyota huzidisha kidogo kutoka kiwandani, hivyo pengo linazibika kwa sehemu, lakini palipo na kibao cha 50 na askari mwenye tochi usijitetee kwa hesabu hiyo. Stelingi ikikatwa mwisho huku gari likirudi nyuma, tairi linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi ya mbele. Hilo hurekebishwa kwa kuisogeza au kuikata kidogo. Ukienda 285/70R17 huko ni kunyanyua gari na kukata chuma, habari nyingine kabisa.

Sababu kubwa ya kubaki na saizi ya kiwandani ni upatikanaji. 265/65R17 ndiyo saizi ya Hilux nyingi pia. Likiharibika Masasi au Nachingwea, una nafasi ya kupata lingine, hata la kuazima. 265/70R17 utalisubiri kutoka Dar es Salaam.

Wenye Prado ya rimu 18 (265/60R18) wana njia nzuri ambayo haitumiki sana: kushuka kwenda rimu 17. Kipenyo kinabaki karibu sawa, milimita 775 dhidi ya 776, lakini ubavu unaongezeka kutoka milimita 159 hadi 172. Ubavu mrefu ni nafasi zaidi ya kupunguza upepo mchangani na umbali zaidi kati ya jiwe na rimu. Fundi ahakikishe tu rimu haigusi kalipa ya breki kabla hujalipa.

Sasa majina. BFGoodrich KO2 bado ndilo kipimo, ingawa mrithi wake KO3 ametoka mwaka 2024. Mbavu zake ni ngumu kweli, na mabega yana meno yanayoshika kwenye makorongo. Udhaifu wake ni lami yenye maji, hasa likishazeeka: mpira unakuwa mgumu na breki inachelewa. Pia ni zito. Hesabu kilo tano hadi saba zaidi ya H/T kwa kila gurudumu, na uzito huo unasikika kwenye stelingi, kwenye shokapu na kwenye mafuta. Yokohama Geolandar A/T G015 ni laini na kimya zaidi, na kwa mtu ambaye nusu ya safari zake ni lami ndilo tungemshauri. Ila linatengenezwa kwa aina zote mbili, LT na isiyo LT, na kwenye rafu huwezi kuzitofautisha kwa macho; kosa la ununuzi hutokea hapo. Yote mawili yana alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Muuzaji akikuongezea bei kwa alama hiyo, mwulize theluji ya Mtwara iko mtaa gani.

Popote unaponunua, tafuta tarehe. Mwisho wa namba za DOT kuna tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na ajabu yake huwa ni ule uliogeuziwa ukuta. Kwa joto na jua la pwani, tairi lililokaa dukani miaka minne usilinunue kwa bei ya jipya, hata kama vinyweleo vya mpira bado vimesimama. Nunua matano, si manne. Prado inazungusha magurudumu yote wakati wote, na tairi moja lenye kipenyo tofauti linailazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Ukiweka H/T lililoisha nusu kama spea, siku ulilofunga na kukimbia nalo Masasi hadi Mtwara unalipa kwa gia boksi.

Kufunga ndiko kazi nzuri inakoharibiwa. Tairi la LT ni gumu, na fundi asiye na mashine atatumia mtaimbo. Rimu ya aloi itakwaruzika ukingoni na itavuja upepo kidogokidogo miezi yote. Tafuta mwenye mashine. Mambo ya kusimamia ukiwa umesimama pale:

Vali za mpira zibadilishwe zote, ni bei ndogo. Ukingo wa rimu usuguliwe hadi kutu nyeupe itoke. Kilainishi kiwe maji ya sabuni. Grisi inaacha utelezi, na siku ukipunguza upepo mchangani tairi linazunguka ndani ya rimu. Doti ya njano iliyo ubavuni ikae usawa wa vali, kwa sababu ndipo tairi lilipo jepesi. Balansi ikidai risasi zaidi ya gramu 100 upande mmoja, usikubali kubandikiwa mlolongo wa risasi: tairi ligeuzwe nusu mzunguko juu ya rimu na lipimwe tena. Baada ya hapo fanya alaimenti, maana A/T lenye kashata ndefu likivuta upande huliwa kwa ngazi na kuanza kuvuma.

Na nati. Bunduki ya upepo hukaza kupita kiasi, kisha ukipata pancha njia ya Liwale spana ya gari haiwezi kuzifungua. Kwa rimu za aloi za Prado 150 kipimo ni Nm 112, kwa kukaza nati sita kwa kupishana. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.

Upepo ndio sura ndefu ya habari hii, kwa sababu A/T yenye upepo usio sahihi ni mbaya kuliko H/T yenye upepo sahihi. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. LT linahitaji psi tano hadi saba zaidi kubeba uzito uleule. Kwenye lami, gari likiwa tupu, anza na psi 35 au 36 mbele na 36 hadi 38 nyuma. Ukipakia watu na magunia ya korosho, nyuma peleka 40 hadi 42. Pima asubuhi kabla jua halijalipiga gari. Matairi ya upande wa jua yatakudanganya hata kama gari halijatembea. Baada ya saa moja ya mwendo wa lami pima tena. Upepo ukiwa umepanda psi nne hadi sita, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo ulianza na upepo mdogo, tairi linajikunja na kupata joto, na mwisho wake ni nundu ubavuni au kashata kubanduka.

Barabara ya vumbi yenye vijituta vya mfululizo: psi 28 hadi 30, na mwendo usizidi 80. Gari linatulia na shokapu zinapona.

Mchanga wa Msimbati ni psi 16 hadi 18 kwa LT. Hapa wengi hukosea kwa kutumia namba waliyoizoea kwenye H/T, yaani 20 au 22, kisha wanasema tairi jipya halifai. Ubavu mgumu hautanuki kwa psi 22. Ni lazima ushuke zaidi ili alama ya tairi chini iwe ndefu. Chini ya 15 usiende, kwani ukikata kona tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Punguza kabla ya kuingia mchangani, ukiwa bado kwenye udongo mgumu, kisha weka L4 (gia nzito za magurudumu manne), zima kidhibiti cha utelezi na shika gia ya pili. Usizidishe 40. Gari likisimama, usikanyage mafuta. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Kompresa iunganishwe moja kwa moja na betri, kwa sababu soketi ya sigara inaunguza fyuzi. Ukitoka, jaza kabla ya kugusa lami, na suuza rimu na nati kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa ulipita karibu na maji ya chumvi.

Kuna mahali A/T haisaidii, na muuzaji hatakwambia. Udongo mwekundu wa Makonde ukilowa huteleza kama sabuni, lakini A/T inapita kwa kwenda taratibu. Udongo mweusi wa mbuga ni jambo jingine: unajaza nafasi za kashata kwa mizunguko michache, na baada ya hapo una tairi kipara lenye uzito mara mbili. Hapo ni M/T (matairi ya tope), minyororo, au kusubiri jua. Kati ya Desemba na Aprili jibu la tatu ndilo la bei nafuu.

Kwenye mafuta, usihukumu kabla ya kusahihisha odomita. Aliyepanda hadi 265/70R17 akisoma kilomita 500 kwa lita 60 atalia kwamba gari linampa 8.3 kwa lita. Kilomita halisi ni 517, hivyo ni 8.6. Aliyebaki na saizi ya kiwandani hana hesabu hiyo, anachoona ndicho. Ulaji utapanda kidogo kwa sababu ya uzito, na mvumo utausikia kuanzia kilomita 70 kwa saa.

Kashata mpya za A/T huwa na kina cha milimita 10 hadi 13. Kikomo cha kiwandani ni 1.6, lakini kwa tope zikifika 4 tairi limeshageuka la lami. Ili zote zifike hapo pamoja, zungusha matano kila kilomita 8,000: ya nyuma yanakwenda mbele upande uleule, la mbele kulia linakwenda nyuma kushoto, la mbele kushoto linakuwa spea, na spea inaingia nyuma kulia.