PKP PN: hifadhi ya bure kwa majarida ya OJS

Jarida la chuo linalokaa kwenye seva moja tu, iwe Kampala, Gulu au Mbarara, liko hatarini kila siku. Diski ikifa, au ada ya kikoa isipolipwa, makala za miaka mingi hazionekani tena. PKP PN, mtandao wa kuhifadhi majarida wa Public Knowledge Project (PKP), inaziba pengo hilo bila kudai hata shilingi, na kwa jarida lisilo na bajeti hatujaona chaguo bora. Hupokea makala zilizochapishwa kwenye OJS, programu ya PKP ya kuendesha majarida mtandaoni, na kuziingiza katika mtandao unaotumia LOCKSS, mfumo wa kuhifadhi kwa nakala nyingi: nakala kadhaa hukaa katika taasisi tofauti, hulinganishwa mara kwa mara, na iliyoharibika hurekebishwa kwa kufuata zilizo nzima.

Masharti ni mepesi: OJS 3.1.2 au ya baadaye, ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), na angalau makala moja iliyochapishwa. Unasakinisha programu-jalizi, unakubali masharti ya matumizi, basi. Lakini hapo ndipo wengi hukwama! Wanaona tiki, wanadhani wamemaliza, kumbe kazi za ratiba, zile seva inazozifanya yenyewe kwa saa zilizopangwa, hazijawashwa na hakuna kifurushi cha makala hata kimoja kilichotoka. Rudi baada ya siku chache uangalie hali ya kila toleo. Likiwa bado halijatumwa, mwite fundi aanze na cron, kipanga-ratiba cha seva, kisha kiendelezi cha zip cha PHP kinachofunga vifurushi.

Wasomaji hawafunguliwi hifadhi hii mpaka jarida lenyewe life. Tena haibebi ripoti za wahakiki, miswada inayosubiri wala akaunti za watumiaji. Hizo zinahitaji nakala rudufu ya hifadhidata na folda ya faili, itunzwe jengo jingine.