Duka la khanga jirani na Soko Kuu la Moshi: kwa wanaozivaa kila siku

Kwa mtu ambaye khanga ni vazi lake la kila siku, wala si nguo ya kungojea msiba au harusi, kitambaa ndicho kitu cha kwanza cha kuangalia, kabla ya rangi na hata kabla ya jina lililoandikwa. Khanga hiyo hufungwa kiunoni alfajiri, hubebea mtoto mchana, hutandwa mabegani jioni baridi ya Julai inaposhuka kutoka mlimani, kisha hufuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima.

Duka ninalolisifu hapa ni dogo, lakini mama anayeuza hutenganisha doti za pamba tupu na zile zenye polista, na humweleza mteja tofauti kabla hawajaanza kupatana bei. Nilipoitilia shaka doti moja nyekundu, alichomoa uzi kwenye ukingo akauwasha kwa kiberiti: uliungua upesi, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini. Uzi wa doti ya bei nafuu ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Tofauti hiyo huonekana mwilini pia, kwa sababu pamba hunyonya jasho, na joto la Moshi la Januari na Februari halimhurumii aliyejifunga polista, ambayo isitoshe huteleza, fundo likalegea kila anapoinama kufagia au kuinua ndoo.

Jambo jingine linalonifanya nirudi ni kwamba huruhusu mteja kuikunjua doti na kujifunga kabla ya kulipa. Khanga ya kawaida ina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1.1, lakini zipo zinazopunjwa, na mwanamke mwenye mwili huligundua hilo nyumbani, ncha mbili zinapokataa kukutana. Vilevile humshauri mteja aifue khanga kwanza, ndipo aipeleke kwa fundi kukatwa na kupindwa, kwani wanga wa kiwandani hutoka na pamba hurudi kidogo. Fundi wa barazani akiipinda ikiwa mpya, pindo huja kujivuta na kukaa upande. Huo ni ushauri wa mtu anayezivaa mwenyewe.

Kasoro zipo. Bei hazikuandikwa popote, na mgeni asiyejua kupatana anaweza kulipa zaidi ya jirani yake. Doti nyeusi niliyoichukua ilichuja sana katika maji ya kwanza, na juu ya hilo sikuonywa. Wanaopenda rangi nzito wazifue peke yake, kwa maji baridi, na kuzianika kivulini. Vitenge vya kushonea magauni ni vichache mno, hivyo anayevitafuta aende maduka mengine. Kwa doti za kujifunga, hapa ndipo ninapowaelekeza dada zangu, hasa asubuhi za katikati ya juma, mama anapokuwa na nafasi ya kukunjua kila anachoombwa.